Kwa mdogo wangu, mwandishi mwenye tuzo

Mdogo wangu, hongera. Sikukupigia simu siku ya tuzo, na shemeji hachoki kuniuliza kwa nini. Naandika hapa kwa sababu WhatsApp unasoma, hujibu.

Makala yako iliyopata tuzo, ile ya safari yetu ya Kilimanjaro, nimeisoma, tena taratibu. Unaandika vizuri, hilo sijawahi kulibisha. Hata barua za baba kwa mwalimu mkuu ulikuwa unaziandika wewe. Pale kwenye msitu wa Machame nilihisi ukungu usoni. Lakini siku ya Lava Tower, lile jabali refu, umeandika kwamba tulikuzungusha bure. Bure! Nilikupandisha mchana zaidi ya mita 4,600, nikakushusha ukalale kambi ya Barranco, chini ya 4,000, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Bila mzunguko ule ungeteremshwa kwa machela. Ulikuwa unatapika na hukutaka wenzako wa gazeti wajue, nikanyamaza. Basi, leo nimesema.

Hilo lipite. Lisilopita ni Stella Point, pale ukingoni mwa kreta, karibu na kilele.

Alfajiri, upepo unachoma, ukaketi juu ya jiwe ukaomba uachwe ulale kidogo tu. Mpira wako wa maji ulikuwa umeganda. Kifuniko cha chupa ya chai nacho kimeganda, nikakifungua kwa meno, nikakunywesha. Nikakuvua glavu, nikaviweka vidole vyako kwapani mwangu, ndani ya koti. Ulilia. Tukaenda hivyo hivyo, nimeshika mkanda wa begi lako, hadi kwenye kibao cha Uhuru, mita 5,895.

Wewe umeandika kwamba kileleni ulikuwa peke yako na mlima. Na picha ile alikupiga nani?

Nakushauri kama kaka: taja watu. Wazungu wale, Hans Meyer na Purtscheller, walipofika kileleni mara ya kwanza mwaka 1889, ulimwengu ulishika majina hayo mawili. Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wazee wa Marangu wanasema ndiye aliyewaongoza, wageni wamekuja kumtaja akiwa mkongwe. Wale walikuwa wageni. Wewe umezaliwa hapa hapa, migombani.

Usidhani ni wivu. Mimi ndiye niliyemshawishi baba auze ng'ombe ukasome uandishi, wakati mimi nabeba kilo 20 za watu kichwani. Na kutokuja kwenye sherehe yako si kisasi. Ilikuwa Julai, msimu umechanganya. Ningewaachia nani wageni? Unajua mwenyewe kazi hii, ukikosa safari moja anaitwa mwingine.

Halafu yule mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi mlimani, aliyekubebea begi la kamera. Picha ya viatu vyake vilivyofungwa kamba ya katani umeiweka juu kabisa, na chini yake imeandikwa "mpagazi". Umekula naye ugali hema moja safari nzima, jina lake unalijua. Ananiuliza kama picha ile nayo imo kwenye fedha ya tuzo. Nimempa namba yako mpya.