Harambee ya Wazazi na Watoto Wachanga, Nyalenda

Ndugu wapendwa wa ushirika wetu, majirani wa Nyalenda, na ninyi mliohamia mbali lakini moyo mmeuacha Kisumu,

Mwaka jana tulichanga mabati, Mungu akatusaidia, paa likakamilika. Safari hii tunaomba mchango wa kitu ambacho hutakiona ukipita barabarani. Tunataka wazazi 40 wenye watoto wa miezi 6 hadi miaka 2 wakae chini ya paa hilo hilo kila baada ya wiki mbili, vikao 16, wajifunze kuzungumza na kucheza na watoto wao.

Najua swali litakaloulizwa, maana hata mimi niliuliza: kwani kucheza na mtoto nako kunafundishwa? Mama zetu walifundishwa na nani? Walifundishwa na nyanya na shangazi waliokuwa nao uani kutwa. Msichana aliyepanga chumba kimoja hapa kwetu hana uani wala shangazi. Anatoka alfajiri kufua nguo za watu, anarudi mtoto kashasinzia.

Mmoja wao alikuja kwenye vikao vyetu vinne vya majaribio. Mwanawe alikuwa hajatimiza mwaka na nusu. Siku ya kwanza mtoto alinyoosha kidole kwa kuku aliyeingia mlangoni, akatoa sauti, akamtazama mamake. Mama akaushusha ule mkono, akamwambia atulie. Hakuwa mkali, alidhani heshima ya mtoto kanisani ni kunyamaza. Kikao cha nne mtoto alinyoosha kidole tena, safari hii kwa chupa ya soda tuliyoitia mahindi ikawa kayamba. Mama akamwambia, "Eh, chupa! Inalia cha-cha-cha." Mtoto akajibu, "Cha." Kina mama wote wakapiga makofi. Baba mmoja wa bodaboda, aliyekuja kumchukua mkewe tu, akavua helmeti, akakaa mkekani mpaka mwisho.

Haya si mawazo yetu wenyewe. Huko Kingston, Jamaika, kuanzia mwaka 1986, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake walifuatilia watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii kila wiki kwa miaka miwili, mama wakionyeshwa jinsi ya kucheza na watoto wao. Watoto hao walipofika miaka 22, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Walitumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka za nyumbani, kama kayamba yetu.

Karibu zaidi ni utafiti wa Msingi Bora, uliofanywa katika vijiji 60 vya hapa Kenya Magharibi, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Wahudumu wa afya ya jamii waliendesha vikao 16 vya wazazi, na watoto wakaonyesha maendeleo makubwa zaidi ya akili na lugha kuliko wale ambao wazazi wao hawakupata vikao. Lililonigusa zaidi ni kwamba vikao vya kikundi peke yake vilifanya kazi vizuri, bila ziara za nyumba kwa nyumba. Ziara ni ghali. Mkeka tunaumudu.

Hesabu ni hii. Posho ya wahudumu wanne, shilingi 500 kila mmoja kwa kikao, ni 32,000. Uji ni 24,000, na tafadhali msiuone kuwa anasa: mama aliyeacha kibarua cha asubuhi hawezi kukaa na njaa, na mtoto mwenye njaa hachezi. Mikeka 10 ni 12,000. Mafunzo ya wahudumu na vitabu vya picha ni 28,000. Jumla 96,000. Kikundi cha akina mama kimeshatoa 21,000 kutoka kwenye chama chao. Zimebaki 75,000.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Aliye na 50 aje na 50, na ahadi pia tutaziandika. Walio mbali watume kwa mweka hazina wetu, naye atasoma kila mchango hadharani. Akina baba, ninawaomba mje kwa miguu yenu, msitume tu pesa.

Chupa tupu na vifuniko vikubwa tunavihitaji pia. Kuna gunia mlangoni mwa kanisa. Vioshwe kwanza, na vifuniko vidogo mtoto anavyoweza kumeza vibaki nyumbani.