Barua ya wazi kwa vijana wa Moshi na Arusha mnaotafuta msimamizi wa tasnifu

Wanangu,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Nawaandikia ninyi mliomaliza shahada ya kwanza na sasa mko mbioni kuanza uzamili au uzamivu: mlio Chuo Kikuu cha Ushirika hapa mjini, mlio Mwenge na KCMC, mlio Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, Makumira, Chuo cha Uhasibu Njiro, na ninyi mnaofanya kazi mchana na kusoma jioni. Nimefundisha na kusimamia tasnifu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Jambo lililoniuma muda wote huo ni kumwona kijana anafaulu masomo ya darasani vizuri kabisa, halafu anakwama kwenye tasnifu. Mwaka unapita, ada inaongezeka, mwajiri anauliza cheti kiko wapi, na mwisho kijana anaacha kimyakimya. Nilipofuatilia, mara nyingi akili haikuwa tatizo. Hakuwa na mtu anayesoma kazi yake.

Kwa hiyo neno langu kwenu ni moja: tafuteni msimamizi anayesoma. Cheo kije baadaye. Umaarufu uje baadaye. Hata urafiki uje baadaye.

Lakini huwezi kumpata mtu wa kusoma kazi ambayo haipo, basi anza na swali lako. Kijana akija ofisini akasema "Profesa, nataka kufanya utafiti kuhusu maji," hakuna wa kumsaidia, kwa sababu maji ni bahari. Mwenzake akasema: "Nimekulia Arumeru. Maji yetu yana floridi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Mlima Meru, na watu wengi kwetu wana meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nataka kujua familia zinazokinga maji ya mvua na kuyachanganya na ya kisima wakati wa masika zinashusha floridi kiasi gani, na kiangazi wanafanyaje." Huyo wa pili atavutiwa kiti. Swali lake huenda likabadilika mara tatu kabla ya andiko la utafiti kupita, na hilo ni sawa. Kinachotakiwa ni mhadhiri aone kwamba kuna mahali pa kushika.

Ukishakuwa na swali, nenda maktaba. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana vijana wengi huruka hatua hii. Tafuta tasnifu ambazo huyo mhadhiri amezisimamia, ziwe rafuni au kwenye hifadhi ya tasnifu ya chuo mtandaoni. Fungua tano au sita. Angalia mwaka uliochapwa kwenye jalada, kisha ulizia mwandishi alianza masomo lini. Wanafunzi wake wakiwa wanamaliza kwa wakati, utaona. Wakiwa wanachukua muda mara mbili ya uliopangwa, utaona pia. Halafu soma ukurasa wa shukrani. Wengi huandika maneno ya kawaida tu, "namshukuru msimamizi wangu kwa mwongozo wake." Ila mwanafunzi aliyesomewa kweli huandika kitu mahususi: kwamba msimamizi alimfanya arudie sura ya pili, au alikwenda naye kijijini siku ya kwanza ya kukusanya data, au alimkutanisha na mtaalamu wa takwimu. Shukrani kama hizo haziandikwi kwa adabu tu. Angalia pia kama orodha ya marejeo iko sawa na kama majedwali yanalingana na maelezo. Msimamizi anayesoma hapitishi jedwali linalosema kitu kimoja na aya inayosema kingine.

Baada ya maktaba, zungumza na watu walio chini yake sasa hivi. Usiwaulize kama ni mtu mzuri. Watakujibu ndiyo, nani atamsema mwalimu wake vibaya kwa mgeni? Uliza mambo yanayojibika. Ukimpelekea sura, inarudi baada ya muda gani? Inarudi na maoni pembeni mwa kurasa, au na neno "endelea" tu? Mlikutana lini mara ya mwisho? Ana wanafunzi wangapi kwa sasa? Anakaribia kustaafu, au anakwenda masomoni nje? Akisafiri, anajibu barua pepe? Mkiketi mahali pa kunywa chai, mwanafunzi akaanza kuangalia chini na kusema "profesa ana majukumu mengi," umeshajibiwa.

Najua mtaniambia: mzee, jina kubwa linafungua milango. Ni kweli, linafungua, na barua yake ya mapendekezo ina uzito. Lakini hapa kwetu profesa mwenye jina huitwa kwenye bodi hii na kamati ile, na siku nyingine anateuliwa kushika wadhifa serikalini, tasnifu yako ikabaki mezani. Mhadhiri aliyepata uzamivu wake karibuni bado anakumbuka maumivu ya kuandika, bado anafuatilia makala mpya, na anataka mwanafunzi wake amalize kwa sababu hilo linamsaidia naye kupanda daraja. Vyuo vingi huruhusu wasimamizi wawili, na vingine hulazimisha. Ningekuwa ninyi ningemweka mwenye uzoefu kwa ajili ya mwelekeo na huyo mhadhiri kijana kwa ajili ya kusoma kila ukurasa. Ila hakikisheni wawili hao wanaelewana. Wakubwa wasioongea wanapogombana juu ya mbinu za utafiti, anayeumia ni mwanafunzi.

Kuhusu kumwandikia kwa mara ya kwanza, iwe fupi. Salamu ya heshima, wewe ni nani, umesoma kazi yake ipi na imekugusa wapi, swali lako kwa sentensi mbili, kisha ombi dogo, kwa mfano: "Naomba dakika ishirini za kuonana nawe, nimeambatisha ukurasa mmoja wa wazo langu." Kweli uwe umeisoma hiyo kazi. Msiwatumie watu kumi barua moja iliyobadilishwa jina tu. Wahadhiri wa idara moja huongea. Asipojibu, kumbusha baada ya wiki mbili, kwa upole. Akikaa kimya tena, amekwisha kukuonyesha atakavyokuwa ukimpelekea sura ya nne.

Wapo wasimamizi wenye miradi yenye fedha. Hiyo ni neema, hasa kwa wanaohitaji vipimo vya maabara, kwa kuwa kemikali ni ghali na mfuko wa mzazi hauwezi. Jueni tu kwamba mada itakuwa ya mradi. Ulizeni mapema data ni za nani, nani ataandikwa mwandishi wa kwanza wa makala, na mradi ukiisha kabla yenu itakuwaje. Mpate majibu kwa maandishi.

Sasa nasema jambo zito, na nalisema waziwazi kwa mabinti zangu, na kwa wavulana pia. Msimamizi ana mamlaka juu yako, na wako wanaoyatumia vibaya. Anayetaka mkutane hotelini badala ya ofisini, anayepiga simu usiku wa manane kwa mambo yasiyo ya kazi, anayechelewesha sahihi hadi "tuelewane", huyo ni mhalifu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja rushwa ya ngono katika kifungu cha 25 kuwa kosa. Tunza ujumbe wote, usifute hata mmoja. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Nenda dawati la jinsia kama chuo chako kinalo, au TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ambao namba yao ya bure ni 113. Na ninyi wanafunzi mliotangulia, mkijua mhadhiri ana tabia hiyo, mwonyeni mdogo wenu kabla hajapangiwa. Kunyamaza kwenu ndiko kunakompa huyo mtu mwanafunzi mwingine. Hakuna shahada yenye thamani ya kudhalilishwa, na hakuna mzazi atakayewalaumu kwa kukataa.

Vibali pia vinahusu msimamizi, ingawa wengi hawafikirii hivyo. Utafiti wa afya lazima upite kamati ya maadili, na kwa ngazi ya taifa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Wa wanyamapori unapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambao makao yao yako Arusha. Ukiingia vijijini unahitaji barua ya chuo, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata. Msimamizi aliyewahi kuipita njia hiyo anajua fomu ipi hurudishwa na kwa nini. Asiyewahi, mtajifunza pamoja, kwa muda wako na ada yako.

Mnaotazama nje ya nchi, utaratibu hutofautiana. Ujerumani mara nyingi profesa lazima akubali kukusimamia kwanza ndipo chuo kikupokee. Marekani kwa kawaida idara ndiyo inayokupokea, na msimamizi unampata ukiwa tayari umeanza masomo. Kagueni mapema ili msipoteze msimu wa maombi.

Mkishakubaliana, kila baada ya mkutano mwandikie siku hiyohiyo barua pepe ya mistari mitano: tumekubaliana hili na hili, nitaleta sura hii tarehe fulani, nawe umesema utaisoma ifikapo tarehe fulani. Hiyo si kumkosea adabu mkubwa. Inamsaidia kukumbuka, na siku mambo yakiharibika una ushahidi. Yakiharibika kweli, rasimu imekaa miezi bila neno, usihangaike peke yako hadi mwaka uishe. Ongea naye kwanza kwa heshima. Isiposaidia, mwandikie mkuu wa idara ukiambatisha zile barua pepe, kisha kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kubadilisha msimamizi kunaruhusiwa na fomu yake ipo. Ombeni mapema, kabla hamjaanza kukusanya data, kwa sababu baada ya hapo msimamizi mpya anaweza kutaka muanze upya.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Soweto, Moshi