Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wanaouguza nao wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa dada wa mtu aliyelazwa kwa miezi mingi, akapelekwa wodi moja hadi nyingine, na sasa anajifunza upya kutembea. Yu hai na anaendelea vizuri, na wapo madaktari na wauguzi nitakaowashukuru maisha yangu yote. Siandiki kulalamikia uzembe wao. Naandika juu ya pengo ambalo wao hawana uwezo wa kuliziba, maana limo kwenye taratibu zinazotoka ofisini kwako. Hospitali inawategemea ndugu wa mgonjwa usiku na mchana, lakini kwenye makaratasi yake ndugu hao huonekana mara mbili tu: wanapoweka saini ya ridhaa na wanapolipa bili.

Kaka yangu aliugua Guillain-Barré, ugonjwa uliopewa jina la madaktari wa Kifaransa walioueleza mwaka 1916. Kinga ya mwili, mara nyingi baada ya maambukizi ya kawaida kama kuharisha au kikohozi, huigeukia mishipa ya fahamu na kuishambulia. Ganzi na udhaifu huanzia miguuni, kisha hupanda. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne hufika mahali pa kuhitaji mashine ya kupumulia, na kaka alifika. Wengi hupona kiasi cha kutembea tena. Hilo tuliambiwa mapema, tukalishika. Ambalo hatukuambiwa ni muda. Mshipa wa fahamu ulioharibika ndani kabisa huota tena kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Pima kutoka kiunoni hadi vidole vya mguu wa mtu mzima, kisha piga hesabu. Sisi tuliipiga wenyewe, kwenye benchi nje ya wodi, tukaangaliana. Nadhani hesabu ile ilipaswa kufanywa na mtu wa hospitali, ameketi nasi, wiki ya kwanza, ili tujipange kwa safari ndefu na si kwa dharura.

Maana dharura hospitali zetu zinaijua. Siku za hatari, madaktari walijaa kitandani, kila saa kuna kipimo, kila kipimo kina maelezo. Kisha likaja neno la faraja: hali yake imetengemaa. Tangu hapo ziara za madaktari zikawa fupi, na kazi yetu ndiyo ikaanza.

Niruhusu nikueleze kazi hiyo, kwa sababu sina hakika kama wizarani inajulikana ilivyo. Mtu asiyeweza kujigeuza hutakiwa kugeuzwa, kwa kawaida kila baada ya saa 2, la sivyo uzito wake mwenyewe huminya nyama juu ya mfupa, damu haipiti, na kidonda huanza: kwenye visigino, kwenye nyonga, chini ya mgongo. Si jambo jipya. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha walioumia uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakifa kwa vidonda na kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Yeye akashikilia wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, na wapewe shughuli ya kufanya. Miaka 4 baadaye aliandaa mashindano ya michezo ya watu wenye viti vya magurudumu, ambayo ndiyo chimbuko la Paralimpiki. Sasa nikuulize: kwenye wodi ya wagonjwa wengi yenye wauguzi wawili wa zamu ya usiku, nani anageuza? Wauguzi huanza upande mmoja wa wodi, na kabla hawajamaliza upande wa pili saa 2 zimeshapita. Anayegeuza ni mke, ni mtoto, ni mdogo wake mgonjwa. Na hakuna aliyemfundisha namna ya kufanya hivyo bila kumvuta mgonjwa ngozi au kujivunja yeye mwenyewe mgongo. Tulijifunza kwa kumtazama mama mmoja wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na mwanawe pale kabla yetu.

Ongeza na mengine: kunyoosha vifundo vya miguu visikakamae, kusafisha kinywa, kuangalia mrija wa mkojo usijikunje, kukumbuka dawa ipi ilimletea vipele mwezi uliopita wakati daktari aliyeko zamu ni mgeni na faili limekuwa nene. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Madaktari hubadilishana, wauguzi huhamishwa, faili hupelekwa kwenye chumba kingine. Mtu pekee aliyekuwapo mwanzo hadi mwisho ni ndugu.

Ugonjwa huu una jambo moja la kutisha: mwili hulala lakini akili haiguswi. Kaka alikuwa anasikia kila kitu. Alikuwa na tundu kooni, hawezi kutoa sauti, hawezi kuinua kidole, na watu wakawa wanazungumza juu yake akiwa katikati yao. Binamu yetu akaandika herufi kwenye kipande cha boksi, akawa anazipitisha kwa kidole, na kaka anafumba jicho herufi inapofika. Hivyo ndivyo alivyotuambia kwamba mguu wa kushoto unawaka moto, maumivu ambayo hakuna aliyekuwa akiyatibu, kwani ilidhaniwa asiyeweza kusogea hasikii maumivu. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa heshima zote kwao, nadhani aulizwe. Ubao wa herufi hauhitaji umeme wala zabuni, na ungeweza kuning'inia kwenye kila kitanda chenye mashine ya kupumulia.

Kuhusu saa za kutazama wagonjwa. Kuna kipindi kaka alianza kuweweseka. Anaona wadudu ukutani, anaamini wauguzi wanataka kumdhuru. Kwa wagonjwa mahututi hali hii ni ya kawaida mno, na inachochewa na dawa za usingizi, maambukizi, taa zisizozimwa na kukosa usingizi wa kweli. Miongozo ya tiba inataka mgonjwa apewe miwani yake, aone saa na mwanga wa mchana, asikie sauti anazozijua. Sauti hizo zilikuwa nje ya mlango. Tuliruhusiwa muda mfupi mchana, kisha kengele ikalia.

Najua hoja ya kengele ni maambukizi na utulivu wa wodi. Basi tuiangalie kwa ushahidi. Utafiti uliofanywa kwenye wodi 36 za wagonjwa mahututi nchini Brazil, ukachapishwa mwaka 2019, ulilinganisha saa chache za kawaida na utaratibu wa kumruhusu ndugu kukaa hadi saa 12 kwa siku. Sitaficha kilichopatikana: kuweweseka hakukupungua kwa kiwango cha kuaminika. Lakini maambukizi nayo hayakuongezeka, wauguzi hawakuchoka zaidi, na wasiwasi na huzuni za familia zilishuka. Kama mlango uliofungwa haumkingi mgonjwa na maambukizi, nani ananufaika na kufungwa kwake?

Hapa naomba nitahadhari, Mheshimiwa, kwa sababu naona mtego. Mtu akisoma hadi hapa anaweza kusema: vyema, tuwafundishe ndugu, tuwape kazi yote, tuokoe mishahara. Hilo limeshajaribiwa. Nchini India, kwenye hospitali 14, watafiti waliwachukua wagonjwa wa kiharusi 1,250, na jamaa wa karibu nusu yao wakafundishwa kufanya nyumbani mazoezi ya utengamao, yaani ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake, kwa matumaini kwamba wangeziba uhaba wa wataalamu. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Baada ya miezi 6, wagonjwa waliohudumiwa hivyo hawakuwa na nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Upendo wetu hautoshi kufanya kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mimi naweza kunyoosha mguu wa kaka kila asubuhi, lakini sijui lini niache, lini niongeze, wala maumivu yapi ni dalili ya msuli kuamka na yapi ni dalili ya kiungo kuumia. Na mwili hausubiri. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapima wagonjwa mahututi msuli wa paja ukakuta umepungua kwa karibu asilimia 18 ndani ya siku 10. Kaka alionana na mtaalamu wa viungo mara chache sana kwa wiki, na wiki nyingine hakumwona kabisa kwa sababu yupo mmoja tu na vitanda ni vingi.

Mwezi Mei 2023 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Shirika hilo linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma hiyo ingewasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaoihitaji hawaipati. Azimio ni jambo jema. Nataka kujua limefika wodi gani.

Halafu kuna sisi wenyewe, na hapa nitasema machache kwa kuwa si desturi ya anayeuguza kujililia wakati mgonjwa yuko pale. Shemeji yangu alipoteza kazi, hakufukuzwa kwa neno bali ruhusa zilikwisha. Ndugu waligombana juu ya zamu, kisha juu ya pesa, kisha juu ya mambo ya zamani ambayo hayakuhusu ugonjwa hata kidogo. Mimi hadi leo nikisikia mlio unaofanana na ule wa mashine ya kupumulia moyo unaruka. Mwaka 2012 wataalamu wa wagonjwa mahututi walichapisha jina la mkusanyiko wa matatizo ya mwili, akili na hisia yanayomfuata mtu baada ya kutoka wodi ile, na ndani yake wakatenga sehemu ya familia, yaani wanajua kwamba anayekaa kando ya kitanda naye huumia. Upande wa kazi, Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia, si ya watoto pekee bali hata ya jamaa wa karibu anayehitaji kuhudumiwa. Likizo ya uzazi watu wanaielewa. Likizo ya kuuguza, mwajiri anakutazama kama umeomba kwenda kutalii. Jambo hili si la wizara yako peke yako, najua. Lakini ukiketi na mwenzako wa Wizara ya Kazi, barua ya daktari inayothibitisha kwamba fulani anauguza inaweza kupewa uzito wa kisheria.

Lililotuvunja zaidi ni siku ya kuruhusiwa. Tulikuwa tumeiombea. Asubuhi tukaambiwa kitanda kinahitajika, mgonjwa aende nyumbani mchana. Bado alikuwa na mrija wa mkojo, hawezi kuketi bila kushikwa, anakabwa na maji akinywa haraka. Muuguzi, akiwa anakimbizana na wengine, alitufundisha yote hayo akiwa amesimama kwenye korido, na karatasi tuliyopewa ilikuwa na majina ya dawa na tarehe ya kliniki. Hakuna namba ya kupiga usiku. Hakuna aliyeuliza kama mlango wa kwetu unapitisha kiti cha magurudumu. Haupitishi.

Kwa hiyo naomba waraka, Mheshimiwa Waziri, na nauomba uwe na meno. Kila mgonjwa anayetarajiwa kukaa muda mrefu awe na mtumishi mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye familia inamwendea na ambaye analijua faili lote. Mipango ya kurudi nyumbani ianze pindi hatari inapopita, na asiruhusiwe mtu anayehitaji kuhudumiwa mpaka atakayemhudumia awe amefanya kila tendo kwa mikono yake mbele ya muuguzi, siku tofauti, na jina lake liandikwe kwenye faili. Atakayeuguza awe na haki ya kukaa kando ya kitanda, si kwa hisani ya mlinzi wa getini. Na bima ya afya ilipie utengamao kama inavyolipia upasuaji, kwa sababu kumtoa mtu kwenye mashine kwa gharama kubwa kisha kumwacha akakamae nyumbani ni kutupa gharama yenyewe. Hili la bima ndilo litakalopingwa, na ndilo ningekuomba usilegeze.

Madaftari ya wodini ningeyaongeza kama ombi dogo. Ni desturi iliyoanzia nchi za Skandinavia miaka ya 1980: wauguzi na ndugu humwandikia mgonjwa yaliyotokea siku aliposhindwa kuyashika. Tafiti hazikubaliani kuhusu faida yake. Kaka amelisoma lake mara nyingi, hasa ukurasa ambao muuguzi wa usiku ameandika kwamba timu ya mpira anayoishabikia kaka imefungwa.

Najua waraka huandikwa na wataalamu, na ndivyo inavyofaa. Ila nakuomba kwenye meza hiyo wawekwe na watu wawili watatu waliouguza, wa wodi tofauti, waulizwe kabla maneno hayajachapwa. Nikiitwa nitakuja. Isiwe asubuhi tu, kwa sababu asubuhi ni mazoezi ya kaka.

Wako mtiifu,
Dada anayeuguza