Digrii peke yake isimpandishe muuguzi cheo

Kwa Mhariri,

Hapa Kisumu wauguzi wengi wenye diploma wanasomea digrii. Wengine hutoka zamu ya usiku wakaingia darasani bila kulala. Siwalaumu. Jina likifika mbele ya bodi ya utumishi wa kaunti, cheti ndicho huangaliwa kwanza. Ila baada ya miaka mingi katika wodi ya kujifungulia, naona kinachokosekana si vyeti bali ujuzi.

Kuandika, kwa mfano. Muuguzi anaweza kumzalisha mama vizuri kabisa huku chati ya uchungu ikibaki nusu tupu. Mambo yakiharibika na mama akakimbizwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi (wazee bado huiita Russia), wanaompokea hawana pa kuanzia. Mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo hupaswa kusikilizwa kila nusu saa, hayakuandikwa. Njia ilifunguka kiasi gani na saa ngapi? Hakuna ajuaye. Tena mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaohesabu uchungu uliokolea kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, si 4 tulizofunzwa sisi. Nimekutana na wenye digrii ambao hawajausikia, ingawa pointi zao za mafunzo endelevu, zile za kuhuisha leseni, zimetimia. Pointi nyingine, tusidanganyane, ni za chai na mandazi.

Ujuzi mwingine ni kuendesha wodi: kupanga zamu, kuagiza dawa kabla rafu haijabaki wazi, kudai watu kwa takwimu. Msimamizi anayelalamika tu kwamba kazi ni nyingi hupewa pole. Anayeonyesha idadi ya kina mama waliojifungua usiku na wauguzi waliokuwepo husikilizwa. Haya hujifunzwa kwa kuyafanya, basi vijana wakabidhiwe wodi kwa miezi michache, msimamizi akiwa karibu.

Kuna pia wanaosomea uuguzi wa figo au wa wagonjwa mahututi. Namjua mmoja aliyerudi na stashahada yake ya juu akapangiwa kliniki ya chanjo. Ujuzi huo utakuwa umefifia kabla ya cheo kufika.

Naiomba bodi, itakapowaita watu tena kwenye usaili, isiishie kukagua vyeti. Iwape chati iliyojazwa vibaya, waeleze wangefanya nini zamu hiyo.

Muuguzi mkunga,
Kisumu