Mchango wa kituo cha pili cha kupima hewa

Ndugu wanakikundi, asalaam aleikum.

Fedha tulizokusanya zinatosha kituo kimoja cha Changamwe, Mombasa, ilhali watafiti wa afya ya watoto wanahitaji viwili, kimoja kando ya barabara ya malori yaendayo bandari ya Kilindini na kingine mbali nayo, ili walinganishe vifua vya watoto na hewa wanayoivuta. Masizi tunayopangusa madirishani mwa madrasa si kipimo. Chembe zinazodhuru zaidi, za kipenyo cha mikromita 2.5 au pungufu (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hazionekani, na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa mwaka wa chembe hizo hewani usiozidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Tukumbuke pia gharama ya matengenezo, maana chumvi ya bahari hula vyuma. Ahadi zimfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa.