Watu wa Tanga, tuzitoe baiskeli zetu ukutani

Mhariri, salamu kutoka Ngamiani. Naomba nafasi niseme hili la kupunguza uzito wa mwili, maana siku hizi kila ukifungua simu ni chai ya kukata tumbo, mara vidonge, mara mikanda ya kubana, na watu wanatoa hela kweli, wakati Tanga yetu inajulikana nchi nzima kwa baiskeli na nyumba nyingi ipo moja imeegeshwa ukutani inaliwa na kutu, mwenyewe anapanda bodaboda kwenda sokoni hapo hapo.

Mimi ni mama wa makamo, mwili ulinizidi mpaka magoti yakawa yananisumbua, kukimbia ndo usiseme. Baiskeli imenifaa kwa sababu uzito unabebwa na siti, goti halipokei kishindo. Ila mwambie fundi akupimie siti vizuri, pedeli ikifika chini kabisa goti libaki limekunjika kidogo tu, siti ikiwa chini sana utaumia magoti halafu useme baiskeli mbaya.

Na kinachonifanya nisiache sio mzani, mzani unakatisha tamaa, leo umeshuka kesho umepanda. Kinachonitoa ndani ni kwamba nina pa kwenda. Asubuhi nanyonga mpaka Deep Sea kufuata samaki, nawafunga kwenye keria narudi, jioni Raskazone upepo wa bahari unanipiga, yaani raha, na mji wenyewe tambarare. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukigawa siku tano ni nusu saa nusu saa, hiyo si ndo safari ya sokoni kwenda na kurudi? Ila jamani na chakula tupunguze, ukishuka kwenye baiskeli ukamalizia na chapati nne na soda hakuna kitu kitakachoshuka.

Wanaohusika na barabara nawaomba sana watutengee pembeni pa kupita, maana sasa hivi pembeni bajaji zimeegeshwa na wewe unasukumiwa kwenye malori, kina mama wengi nawajua wanatamani ila wanaogopa. Na vijana wa vijiweni, mama akipita kakunja baibui lake lisiingie kwenye cheni mwacheni apite, hizo miluzi zinawarudisha wengi ndani.

Msomaji wenu, Ngamiani, Tanga