Barua ya wazi kwa Mzee Arsène Wenger: timu inayoboa lakini inatawala ni timu bora

Shikamoo Mzee Wenger,

Nakuandikia wewe na sio bosi wako Infantino, rais wa FIFA, kwa sababu tangu Novemba 2019 wewe ndo mkuu wa maendeleo ya soka pale FIFA, wewe ndo uliongoza jopo la wataalamu lililochambua mechi za Kombe la Dunia Qatar 2022, na wewe ndo mwenye lile wazo la kubadili sheria ya kuotea (offside), kwamba straika akiwa na sehemu yoyote ya mwili iliyo sawa na beki basi hajaotea. Nia naielewa, unataka magoli. Ila ndani yake kuna kitu kinaniuma, ni kama vile kuzuia kumeshakuwa ugonjwa unaotafutiwa dawa. Na huku mtaani ubishi ni huo huo, timu ikitawala miaka mitatu minne lakini inashinda moja bila, watu wanasema aah hawa wanaboa, hakuna pira biriani, yaani soka tamu, hapo, usiwaite timu bora. Mi nasema ni bora, tena nasema nikiwa Arsenal damu toka enzi zako ukiwa kocha wetu.

Tuanze na waliotunyang'anya ubingwa. Chelsea ya Mourinho 2004/05, pointi 95, wamefungwa mechi moja tu, ile ya Manchester City kwa penati ya Anelka, na ligi nzima wameruhusu magoli 15. Mechi 38, magoli 15! Wote tulisema wanaboa. Sasa angalia walifunga mangapi: 72. Arsenal yako ya 2003/04, ya Henry na Bergkamp na Pires, ile iliyomaliza ligi bila kufungwa, ilifunga 73. Tofauti goli moja, mzee wangu. Kwa hiyo shida haikuwa uhaba wa magoli, shida ilikuwa wakishapata la kwanza mechi imeisha hapo hapo, Makelele kakaa mbele ya Terry na Carvalho, nyuma yao Cech, na wewe mpinzani dakika ya 20 huna tena cha kusubiri. Watu walikosa matumaini wakasema wanaboeka. Kumkatisha mtu tamaa mapema namna ile, wiki baada ya wiki, kwangu hicho ni kipaji.

Njoo Hispania. Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini walifunga magoli manane kwenye mechi saba, na hatua ya mtoano yote ni moja bila: Ureno, Paraguay, Ujerumani, halafu Uholanzi fainali, Iniesta dakika ya 116. Euro 2012 wakaanza na Italia bila straika hata mmoja, Fabregas ndo kawekwa mbele, watu wakalalamika pasi nyingi hazina mwisho, wanasinziza. Ila unganisha Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012 uhesabu mechi za mtoano tu, ni kumi, na hawakuruhusu goli hata moja. Makombe matatu makubwa mfululizo na kwenye mtoano nyavu zao hazijaguswa ndani ya mchezo! Walikuwa wanazuia kwa kukunyima mpira, maana bila mpira utafunga na nini? Ukiniambia hiyo sio timu bora kihistoria basi sijui neno hilo tunamtunzia nani.

Halafu upande wa pili tunaipa Brazil ya 1982 kila sifa, Zico, Socrates, Falcao, na kweli ilikuwa tamu, ila ilipigwa 3-2 na Italia ikarudi nyumbani. Ile ya 1994 ya Parreira, na Dunga na Mauro Silva katikati, iliruhusu magoli matatu tu mashindano yote na ikabeba kombe Brazil ililolisubiri miaka 24, mpaka leo watu wanaitaja kama wanaomba radhi. Hilo naliona ni dhuluma kabisa.

Na wewe mwenyewe ni shahidi mzee. Ligi ya Mabingwa 2005/06, Real Madrid 1-0 na suluhu, Juventus 2-0 na suluhu, Villarreal 1-0 na suluhu. Mechi sita magoli manne, hatujafungwa hata moja, Flamini kiungo anacheza beki ya kushoto, Senderos kijana mdogo, Lehmann anadaka penati ya Riquelme dakika za mwisho. Tukafika fainali Paris na bado tukaongoza tukiwa kumi uwanjani mpaka Eto'o wa Barcelona aliposawazisha. Hakuna shabiki wa Arsenal namjua anayeita ule mwendo wa kuboa, tunausimulia kwa fahari, na mwaka mmoja kabla yake Kombe la FA tulilichukua kwa matuta baada ya Manchester United kutushambulia mechi nzima.

Sisemi kila anayepaki basi, yaani anayejaza watu wote nyuma, ni bora. Ugiriki waliobeba Euro 2004 nawapa heshima zote ila ilikuwa mara moja, hawakutawala, kutawala ni kurudia. Na kuna ujinga wa kweli unaostahili sheria, Misri na Ireland Kombe la Dunia 1990 walipeana suluhu na makipa wanapewa pasi wanadaka, wanapewa tena wanadaka, ndo maana 1992 ikaja sheria ya kipa kutodaka pasi ya mguu ya mwenzake na mpira ukapona. Hii ya kipa kutokaa na mpira mkononi zaidi ya sekunde nane iliyoanza 2025 nayo naiunga mkono asilimia mia. Hao walikuwa wanaua muda, kuzuia ni kazi nyingine kabisa.

Sasa hilo la kuotea. Wale mabeki uliowakuta Highbury, uwanja wetu wa zamani, Adams, Dixon, Winterburn, Bould, walikuwa wanapanda pamoja mkono juu ili straika abaki ameotea, na ukabeba nao ligi na FA 1998. Mpe straika mwili mzima wa nafasi uone, hakuna kocha atakayethubutu tena kupandisha mabeki wake, wote watarudi kukaa ndani ya boksi, na hapo ndo tutaboeka kweli. Naomba lisimame kwanza. Naomba pia ripoti za ufundi za Kombe la Dunia ziwape nafasi sawa wale wanaonyima magoli na wale wanaofunga, makocha wetu wa vijana wanazisoma hizo.

Na swali moja naomba ulijibu hadharani: ile Arsenal ya 2006, ya magoli manne kwenye mechi sita, ungeiandikia nini kwenye ripoti yako?

Wako,
Shabiki wa Arsenal, Dar es Salaam